Lidia Anataka Maneno Yake

Kauthar Abdillah alizaliwa Mpanda mjini, nyuma ya duka la baba yake la vitenge na sabuni, na toka utotoni alijua kwamba mtoto akiulizwa na mtu mzima hujibu kile mtu mzima anachopenda kusikia. Yeye mwenyewe alijibu hivyo miaka mingi. Kwa hiyo taasisi moja ya utafiti ilipompa kazi ya kwenda Katumba, makazi ya watu wenye asili ya Burundi, kuzungumza na watoto kuhusu kilimo cha tumbaku, hakuanza na maswali. Alianza na mchezo wa kukataa.

Ilikuwa Machi, mvua bado zinanyesha na tumbaku inachumwa. Watoto ambao wazazi wao walikuwa wameridhia walikusanyika Jumamosi kwenye darasa la shule ya msingi, tope jekundu limewaganda miguuni.

"Leo anayesema ndiyo ameshindwa," Kauthar aliwaambia. "Nitakuomba kitu, na kazi yako ni kuninyima."

Alimwendea Elias, mvulana aliyekaa dawati la mbele, akamwambia, "Naomba shati lako." Elias akaanza kufungua vifungo. Darasa zima likaangua kicheko, lakini kila aliyefuata naye alitoa alichoombwa: kalamu, mkanda, muwa uliokwishaanza kutafunwa.

Immaculata alikuwa amesimama nyuma akitazama. Alikuwa msaidizi wa Kauthar, mzaliwa wa hapo hapo Katumba, na kazi yake ilikuwa kutafsiri pale Kiswahili cha watoto kilipokwama.

"Kwa Kiswahili hawataweza," alisema. "Kiswahili kwao ni cha mwalimu na cha mwenyekiti. Waache wakatae kwa Kirundi."

"Wanasemaje?"

"Oya."

Hapo mchezo ukachangamka. Oya, oya, oya, huku wengine wakikumbatia madaftari yao kama kuku wa kuibiwa. Hata Elias alirudisha shati lake mwilini na kukataa kwa sauti ya kusikika barabarani. Aliyeshindwa ni mmoja tu, msichana mrefu wa darasa la tano aitwaye Lidia. Kauthar alipomuomba kandambili zake alizivua zote mbili, akazipangusa tope kwa kiganja, akampa. Alipoombwa tena kwa Kirundi, alitabasamu, akatazama chini, na hakuzichukua mpaka aliporudishiwa.

Kauthar alimweka wa mwisho kwenye mahojiano ya siku ile, ili apate muda wa kuwaona wenzake wakiingia na kutoka salama.

Walikaa kwenye baraza ya shule, mahali ambapo kila apitaye aliweza kuwaona na hakuna aliyeweza kuwasikia. Kauthar ndivyo alivyopenda. Mtoto asifungiwe chumbani na mgeni, na asilazimike kunong'ona kwa kuogopa jirani. Aliweka kinasa sauti juu ya dawati, akamwonyesha Lidia kinavyowashwa na kuzimwa, akamweleza kwamba mkubwa wake wa kazi naye atasikiliza.

"Swali usilolitaka, liruke. Ukichoka, tunaacha. Na hata kesho ukibadili mawazo, njoo uniambie, nitafuta kila kitu. Kuna jambo moja tu siwezi kulibeba peke yangu. Ukiniambia kwamba unaumizwa au unaumwa, itabidi tutafute mtu wa kukusaidia. Lakini nitakwambia wewe kwanza kabla sijamwambia mwingine. Umenielewa?"

Lidia alielewa. Kwa muda alitoa majibu yale yale waliyotoa wenzake: nawasaidia wazazi, kazi siyo nzito, napenda shule. Kauthar hakumkatiza wala hakumharakisha. Ukimya ulipoingia, aliuacha ukae. Ndipo Lidia akageuka upande wa Immaculata na kuanza kusema kwa Kirundi, polepole, na Immaculata akawa anatafsiri kwa sauti ya chini.

Alisema baba yake alifariki, na shamba sasa ni la mama na yeye. Asubuhi wanachuma majani yakiwa bado yameloa umande. Anayabeba kwapani na gauni linalowa mpaka ndani. Jua likipanda, kichwa kinazunguka na anatapika kando ya shamba. Mama humwambia mwalimu kwamba mtoto ana malaria. Kisha jioni, mama akidhani Lidia amelala, huenda kukaa mlangoni pa bani, kile kibanda cha kukaushia tumbaku, akajiziba mdomo kwa kitenge.

"Analia akiwa ameziba mdomo ili nisisikie," Immaculata alitafsiri. "Na mimi nafumba macho ili asijue kwamba nimesikia."

Walipomaliza, Kauthar alimwambia kwamba habari ya kutapika ndiyo ile ambayo hataweza kuinyamazia. Lidia alijibu, "Najua. Ulisema." Wakapatana kwamba siku ya Jumatatu watakwenda kumwona mama pamoja.

Jioni ile Kauthar alituma sauti zote kwa Daktari Masalu, mkuu wa utafiti, aliyekuwa Dodoma. Asubuhi simu iliita kabla hajamaliza chai.

"Kauthar, huyu binti wa mwisho," Masalu alisema. "Nimemsikiliza mara mbili. Hiki ndicho tulichokuwa tunakitafuta. Wengine wote wanaimba wimbo wa darasani, huyu anasema. Nitafungulia naye mkutano wa wafadhili."

Kauthar alifurahi. Alikuwa mtafiti, na mtafiti anayepewa maneno ya namna ile hufurahi kama mkulima aliyeona mvua. Alirudi kwenye chai yake akiwa na furaha hiyo, uani kwa akina Immaculata alikopanga kwa wiki hizo, na hapo ndipo Lidia alipoingia, amevaa gauni la kanisani.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba, Lidia. Karibu."

Hakukaa. Alisimama mbele ya Kauthar, mikono nyuma, na safari hii alizungumza Kiswahili.

"Nimekuja kuchukua maneno yangu."

Immaculata aliyekuwa anasuuza vyombo aliacha sahani majini. Kauthar aliweka kikombe chini. Furaha ya asubuhi ilikuwa bado imemjaa kifuani, na aliisikia ikishuka, lakini hakumuuliza Lidia kwa nini. Alijua kwamba ukimuuliza mtoto kwa nini, unamtaka ajitetee, na huyu alikuwa hajaja kujitetea.

"Yote, au baadhi?"

Lidia alifikiri. "Kutapika kwangu mwambie mama, na nesi. Lakini kwenye mashine usibakize kitu."

"Sawa."

"Yako wapi sasa?"

"Yapo kwenye kinasa sauti, kwenye kompyuta yangu, na kwa mkubwa wangu Dodoma."

Lidia alikunja uso. "Umempa?"

"Nilimtumia jana. Nilikwambia kwamba atasikiliza."

"Ulisema. Nilidhani mkubwa wako anakaa hapa. Basi na yeye afute."

"Nitamwambia afute."

"Na dada Imma?"

Swali hilo hakuna aliyelitarajia. Immaculata alijifuta mikono kwenye kanga, akaja kuchuchumaa mbele ya msichana. Walikuwa majirani, waliteka maji kwenye bomba moja.

"Mimi kichwa changu hakina kitufe," alimwambia. "Nilichosikia nimesikia. Lakini mdomo ni wangu. Siku ukiyasikia popote, njoo uniulize mbele za watu, na mimi nitajibu mbele za watu."

Lidia alimtazama kwa muda, akaridhika.

Kauthar alikwenda ndani kuchukua kinasa sauti, na alipotoka alimkuta Josefina, mama yake Lidia, ameingia uani akihema. Alikuwa ametoka kanisani akamkosa mtoto, na aliyemwona akipita alimwelekeza huku.

"Amewasumbua?"

"Hapana, mama. Amekuja kujitoa kwenye utafiti. Ni haki yake, na tunafuta mahojiano yake."

Uso wa Josefina ulibadilika. Watu wa Katumba wameandikwa mara nyingi. Waliandikwa wazee wao walipokuja kutoka Burundi, wakaandikwa kwa ajili ya mashamba, wakaandikwa kwa ajili ya uraia, na kila aliyekulia pale amesikia habari ya mtu ambaye jina lake lilikosekana siku ya kuitwa.

"Usimfute mtoto wangu," alisema.

"Simfuti yeye, mama. Nafuta sauti tu. Hakuna msaada unaotolewa kwa sababu ya mahojiano haya, na hakuna anayeukosa. Nilisema siku ile ya mkutano wa wazazi, na narudia."

"Wote husema hivyo mwanzoni. Mimi nilitia sahihi. Nilitia mimi, siyo yeye."

"Sahihi yako ilinipa ruhusa ya kumuuliza. Bila hiyo nisingemsogelea. Lakini kujibu ni kwake, na kuacha kujibu ni kwake pia."

Josefina alimgeukia binti yake, kisha akamrudia Kauthar, na sasa sauti yake ilikuwa ya chini.

"Mtoto hawezi kutaka kitu kifutwe bure. Kuna alichosema. Nisikilizishe kwanza."

Lidia alikuwa anatazama vidole vya miguu yake. Kauthar aliona mabega yake yamepanda mpaka masikioni.

"Sitakusikilizisha, mama."

"Nimemzaa mimi."

"Ndiyo, ni wako. Na kama ungekuwa wewe uliyenisimulia, yeye akaja kudai asikie, nisingemsikilizisha."

Josefina alimwendea Immaculata, akamuuliza kwa Kirundi, haraka haraka, mtoto amesema nini. Kauthar hakujua maneno, lakini swali alilijua. Alimtazama msaidizi wake na hakuingilia. Immaculata alijibu kwa Kiswahili, ili wote wasikie.

"Mama Lidia, nilikuwa kazini. Ya kazini siyo yangu kuyatoa."

"Wewe ni mtoto wa hapa."

"Ndiyo maana siyatoi. Nikitoa ya kwako leo, kesho nitatoa ya nani?"

Kauthar alimpa Lidia kinasa sauti, akamwonyesha kitufe, na Lidia akabonyeza mwenyewe. Kisha wakafungua kompyuta. Kauthar alimwonyesha faili lilipo, Lidia akaligusa kwa kidole kimoja, likatoka. Akauliza kama limekwenda mahali pengine, na Kauthar akamfungulia lile pipa la taka la kompyuta ili walimwage pamoja. Josefina alikuwa ameketi juu ya kinu kilicholazwa, anatazama.

"Lidia ameniruhusu niseme jambo moja," Kauthar alimwambia. "Lile la kutapika wakati wa kuchuma. Nalisema kwa sababu ya afya yake. Kwenye utafiti halimo."

"Ni malaria," Josefina alisema haraka.

"Inawezekana. Kesho twende zahanati wote watatu, apimwe."

Josefina alisimama, akamshika mtoto mkono, akaondoka naye. Hakuaga mtu.

Kauthar alipiga simu Dodoma akiwa amesimama kwenye uzio, mbali na masikio.

"Umefanya nini?" Masalu aliuliza alipokwisha kuelezwa.

"Nimemrudishia. Imebaki nakala yako, Daktari. Naomba uifute."

"Tutabadilisha jina. Tutabadilisha hata kijiji."

"Jina siyo tatizo. Mjane anayelima tumbaku na binti mmoja, Katumba nzima itamjua kabla hujamaliza sentensi."

"Kauthar, sikiliza. Bila yule, ripoti yetu ni majibu ya darasani matupu."

"Kama majibu ni ya darasani, basi maswali yetu ndiyo ya darasani. Hayo nayaweza. Nipe wiki mbili nibadilishe namna ya kuuliza."

Masalu alivuta pumzi. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu mwenye mkutano. "Ukweli ni kwamba maneno yale yangeweza kuwasaidia watoto wengi."

"Labda. Lakini nilimwambia kwa mdomo wangu kwamba akitaka nitafuta. Kama unataka kuyatumia, njoo mwenyewe Katumba umweleze kwamba nilimdanganya. Mimi siwezi."

Kauthar akasikia vitufe vya kompyuta vikibonyezwa.

"Nimefuta," Masalu alisema. "Mwambie. Na hizo wiki mbili uzitumie vizuri."

Kesho yake Kauthar hakujua kama Josefina angetokea. Alimkuta ameshafika, ameketi kwenye benchi la zahanati na Lidia pembeni yake. Kipimo hakikuonyesha malaria. Nesi alimuuliza Lidia maswali machache: anatapika siku zipi, saa za asubuhi au jioni, na siku za shule je. Kisha akamweleza mama kwamba jani bichi la tumbaku likiloa hutoa sumu, na sumu hiyo huingia kwa ngozi. Umande usubiriwe ukauke. Nguo iliyolowa ivuliwe, mwili uoshwe kwa sabuni. Na mtoto, ikiwezekana, asiguse kabisa jani bichi.

"Ikiwezekana," Josefina alirudia, kama mtu anayepima uzito wa gunia kabla ya kulinyanyua. Walipotoka nje, alimwambia Kauthar kwaheri. Basi.

Habari zilisambaa, lakini zilisambaa kwa njia mbili. Wazazi kadhaa waliwatoa watoto wao, wakiogopa kufutwa. Kauthar alikwenda nyumba kwa nyumba na Immaculata, akaeleza upya, na walioendelea kukataa aliwashukuru akaondoka. Kwa watoto habari ilifika kwa sura nyingine, kwamba ukisema umeghairi, yule dada anafuta kweli. Elias ndiye aliyekuja kuhakikisha. Alitaka yake yafutwe yote. Kauthar akamwachia abonyeze. Siku iliyofuata Elias alirudi na wenzake watatu na kusema yuko tayari kuanza upya.

"Kwa nini ulifuta, sasa?" Immaculata alimuuliza.

"Nilitaka kuona kama ni kweli."

Na safari hii alisema mengi. Kauthar naye alikuwa amebadilisha njia. Hakuuliza tena, "Unawasaidiaje wazazi wako?" Aliwaambia watoto wachore siku nzima ya mtoto wa hapa, mtoto yeyote, wampe jina wanalotaka, kisha wamweleze anaamka saa ngapi, anabeba nini, wapi panamuuma. Walimchora mtoto wakamwita Agape. Agape aliumwa mgongo, alikosa hesabu kila Jumatatu, aliogopa moshi wa bani, na alijivunia sana kujua kufunga majani kwenye fito kuliko mkubwa yeyote. Hilo la mwisho Kauthar asingelipata kwa swali lolote la karatasi yake ya mwanzo. Aliwaachia watoto wenyewe waamue michoro ipi aondoke nayo na ipi ibaki. Michoro mingine ilibaki, na mmoja ulichanwa hapo hapo. Ripoti iliandikwa. Masalu alifungua mkutano wa wafadhili kwa habari za Agape, na alimpigia Kauthar kumwambia kwamba watu walisikiliza.

Agosti, vumbi limeshachukua nafasi ya tope, Kauthar alirudi Katumba. Asubuhi aliwasomea watoto alichoandika, nao wakamsahihisha mahali pawili bila aibu yoyote. Lidia alikuwepo, amekaa karibu na dirisha. Hakuna aliyemsemesha kwa nguvu. Mchana ilikuwa zamu ya wazazi.

Kauthar alipofika kwenye sehemu ya majani mabichi, mzee mmoja alipinga. Alisema yeye alichuma tumbaku tangu utoto na hajafa. Watu walicheka, na mkutano ulikuwa karibu kuhamia kwenye bei ya mbolea, ndipo Josefina aliposimama.

"Wangu alikuwa anatapika," alisema. "Nilijua siyo malaria. Nilimdanganya mwalimu, nikajidanganya na mimi. Baba yake hayupo, majani yanaiva kwa pamoja, hayangoji. Nilikuwa nikimlaza, natoka naenda kulia kule bani ili asinione. Msimu huu unaokuja, sisi watatu wa upande wa bomba tumekubaliana tuchumiane kwa zamu, wakubwa tu, umande ukikauka. Watoto watafunga majani yaliyonyauka. Hatujui kama tutaweza. Tutajaribu."

Hakuna aliyecheka. Yule mzee alikuna kidevu, akauliza kama kikundi hicho kinapokea mtu wa nne.

Kauthar alikuwa ameinamisha kichwa juu ya karatasi zake, ili sura yake isitoe siri ya mtu yeyote. Immaculata, kwenye kona, alikuwa anatazama mlango kwa makini kama vile mlango ulikuwa na la kusema.

Watu walipotawanyika, Josefina alimjia.

"Niliyosema leo, yaandike. Mimi nataka yaandikwe."

"Nitaandika, mama. Ila tukae kwanza nikueleze yatakwenda wapi na nani atayasoma, kisha uamue tena."

"Nieleze." Alivuta kiti cha mwanafunzi, akakikalia kwa shida, magoti juu. "Na Lidia? Naye utamwandika?"

"Lidia alishajitoa."

"Ndiyo. Sikumuuliza alichosema, na sitamuuliza." Alikunja kitenge chake mapajani. "Akitaka kunieleza, nyumba yetu ni moja. Mimi naeleza yangu."

Nje, Lidia alikuwa amekwishaondoka na wenzake kuelekea bombani. Kauthar alitoa kalamu, akaanza kumweleza Josefina kila hatua, pole pole, na Josefina akasikiliza mpaka mwisho ndipo akakubali.